Pesa ni ya Shani

Ujiji, Kigoma

Shoga yangu Mama Shani,

Salaam nyingi. Barua yako nimeisoma na roho imeniuma. Mtoto akose sare ya chekechea wakati baba yake kauza tumbaku hapo hapo Urambo na kununua pikipiki! Acha kumpigia simu usiku kumbembeleza. Matunzo si hisani, ni haki ya Shani, imo kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Anzia ustawi wa jamii, pale halmashauri. Watamwita mkae chini. Akikubali kiasi, kiandikwe na asaini. Akikaidi, fungua maombi Mahakama ya Watoto. Wakili si lazima, tafuta msaidizi wa kisheria, msaada wao ni bure.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Hamkufunga ndoa, na Shani ana miaka minne. Kwa mwanamke wa hali yako, sheria inataka maombi yafunguliwe ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe. Ukichelewa, uthibitishe kwamba ndani ya muda huo baba aliwahi kutoa hela ya matunzo. Si uliniambia alikuwa akikutumia elfu ishirini ishirini kwa simu Shani akiwa bado ananyonya? Meseji zile ndizo kesi yako, usifute hata moja! Simu ikiwa imekufa, nenda kwa mtandao wako ukaombe taarifa ya miamala. Beba na cheti cha kuzaliwa. Akimkana mtoto, mahakama inaweza kuagiza vipimo vya DNA.

Hakimu ataangalia kipato chenu wote wawili na gharama za maisha huko mnakoishi. Baba Shani hana mshahara wa kukatwa juu kwa juu, kwa hiyo usiombe hela ya kila mwezi peke yake. Omba na fungu la mkupuo msimu wa masoko, malipo ya tumbaku yanapoingia kupitia AMCOS, chama chao cha ushirika cha wakulima. Amri ikitoka asipolipa, unarudi mahakama ile ile kukaza hukumu, yaani kuomba itekelezwe kwa nguvu, na mali zake zinaweza kukamatwa, pikipiki ikiwemo.

Mama anaona aibu mkishtakiana, najua. Mwambie anayedai ni mjukuu wake, wewe unamsemea tu.

Ukipangiwa tarehe nijulishe mapema, nitapanda treni nije tuingie wote.

Shoga yako,
Mama Rehema