Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Sindano ya Kaswende Isisubiri Kesho

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Uganda.

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa mkunga ninayezalisha akina mama huku Busia, mpakani.

Mama mmoja aliniletea mtoto wa wiki tatu akidhani ana mafua. Kamasi zilikuwa zimechanganyika na damu, ngozi ya nyayo ilikuwa ikibanduka, na mkono wa kushoto ulilala tu. Kila nilipougusa, mtoto alilia kwa uchungu. Nikaomba kadi ya kliniki. Mama alikuwa amehudhuria mara nne, lakini mahali pa majibu ya kaswende palikuwa patupu, kwa kuwa kituo alikokwenda kiliishiwa vipimo, akaambiwa arudi siku nyingine.

Mheshimiwa, mtoto huyo angalau alikuwa na dalili za kaswende. Watoto wengi wenye kaswende ya kuzaliwa nayo huzaliwa wakionekana wazima kabisa, kisha baada ya wiki kadhaa huvimba ini na wengu au kupungukiwa damu, na wasipotibiwa, miaka ya baadaye wengine hupoteza usikivu. Kwa hiyo kumtazama mtoto hakutoshi. Ni lazima tujue majibu ya mama.

Kipimo cha pamoja cha Virusi vya Ukimwi na kaswende huhitaji tone la damu la kidoleni tu, na majibu hupatikana ndani ya dakika 20 hivi. Naomba kisikosekane katika kituo chochote cha wajawazito, na penisilini ya benzathini iwe kwenye kabati la chumba hicho hicho cha kupimia, ili mama achomwe sindano kabla hajaondoka. Hakuna dawa nyingine tunayoitegemea kumfikia mtoto tumboni, nayo inapaswa kutolewa siku 30 au zaidi kabla ya kujifungua. Mume naye atibiwe, la sivyo atamwambukiza tena mkewe. (Wanaume huja wakiitwa kwa staha, nimeliona hilo mara nyingi.)

Naomba pia agizo kwamba mama asiruhusiwe kutoka wodi ya wazazi kabla majibu yake hayajajulikana, na kwamba mtoto ambaye mama yake ana kaswende na hakutibiwa apewe penisilini kwa siku zisizopungua 10, hata akionekana mzima.

Wako mtiifu,
Mkunga, Busia