Televisheni nyingi za zamani zinatupwa zikiwa nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo, kwa miaka zaidi ya ishirini ya kutengeneza redio na televisheni hapa Ngamiani, Tanga, nimelikuta likijirudia karibu kila wiki, nalo ni televisheni za zamani kuhukumiwa kuwa zimekufa kwa sababu tu picha zake zimekuwa za giza. Mtu anakueleza kwamba sura za waigizaji hazionekani, kwamba tukio la usiku katika mchezo analisikiliza kama redio, na kwamba dukani ameshauriwa aitupe hiyo anunue mpya. Nyingi kati ya ninazoletewa kwa malalamiko hayo hazina kilichokufa ndani yake. Kilichoharibika ni kiwango cha weusi, yaani pale ambapo televisheni imepangwa ihesabu kwamba rangi nyeusi inaanzia, na kiwango hicho mwenye nyumba anaweza kukirekebisha mwenyewe kwa rimoti, bila bisibisi, ikiwa amepata mtu wa kumweleza.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Kitu kinachoandikwa Brightness kwenye menyu sote tunakiita mwangaza, na anayesikia mwangaza hufikiri kwamba ni kama kupandisha utambi wa taa ya chemni. Sivyo kilivyo. Kazi yake hasa ni kuamua weusi uanzie wapi: ukikishusha mno, kila kilicho karibu na weusi, kama nywele, ndevu, koti la askari au ukuta wa chumba chenye taa moja, kinatumbukia katika giza moja na hakitofautishwi tena, ukikipandisha mno, weusi unageuka kijivu kama moshi na picha nzima inapauka. Kitu cha pili, kile kinachoandikwa Contrast, ndicho kinachoamua weupe ufike wapi. Kwa hiyo mwenye picha ya giza anapokimbilia kuongeza Contrast, kama wafanyavyo wengi, kanzu na mawingu huzidi kung'aa mpaka mishono na mikunjo inapotea, huku sura iliyokaa kivulini ikibaki gizani vilevile. Wanaotafsiri menyu hizi kwa Kiswahili wangetusaidia sana kama wangeandika "kiwango cha weusi" badala ya "mwangaza", kwa kuwa neno tulilonalo linampeleka mtu kusiko.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu linatugusa sisi kuliko watu wengine. Ngozi zetu, hasa katika mchezo uliopigwa ndani ya nyumba kwa taa hafifu, huangukia katika sehemu ile ya picha iliyo karibu na weusi. Kiwango kikishuka hatua chache tu, mwigizaji anapoteza mashavu, mikunjo ya paji la uso na machozi yenyewe, na mtazamaji anabaki kumlaumu mpiga picha aliyefanya kazi yake vizuri.

Miezi michache iliyopita niliitwa kwa bibi mmoja wa mtaa wa pili. Baada ya kumwamkia na kuitikiwa, aliniambia, "Mwanangu, niambie ukweli. Kama imekwisha niitoe, maana nimeambiwa haifai tena." Ilikuwa televisheni ya chogo, yaani ile ya zamani yenye tyubu ya kioo na mgongo mkubwa, ya inchi 21, yenye kitambaa cha kudarizi kilichoziba matundu ya kutolea joto. Jambo la kwanza nililofanya ni kuizima, kuchomoa waya ukutani na kufuta kioo kwa kitambaa kikavu, kwa sababu kioo cha chogo hujikusanyia umeme tuli na kuvuta vumbi, na kitambaa changu kilitoka na rangi ya udongo. Hilo peke yake lilirudisha sehemu ya nuru iliyokuwa imepotea.

Kisha nikatazama nyuma. Waya wa njano unaotoka kwenye king'amuzi ulikuwa umekatwa na kuunganishwa panda, tawi moja likija sebuleni na jingine likipita juu ya mlango kwenda kwenye televisheni ya chumbani, na kiungo kimefungwa kwa gundi ya karatasi. Hapa naomba wasomaji wanivumilie kidogo, kwa sababu kosa hili limeenea sana na halitajwi. Waya ule hubeba picha kwa umeme wa volti 1 tu, na kipimo hicho ni sahihi pale unapoingia katika televisheni moja yenye ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa omu 75. Ukiugawa kwa televisheni mbili, ukinzani unakuwa nusu, na kila moja inapata takribani theluthi mbili ya volti iliyokusudiwa. Zipo televisheni zinazojaribu kufidia upungufu huo, lakini nyingine huonyesha zilichopewa na king'amuzi kama kilivyo, yaani picha iliyofifia. Zamani, wakati kila televisheni ilipokea mawimbi kwa antena yake, shida hii haikuwapo majumbani. Ilikuja baada ya mitambo ya analojia, yaani ya kurusha matangazo kwa mfumo wa zamani, kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine kufuata kwa awamu, ambapo chogo zote zikawa zinategemea king'amuzi, na familia yenye televisheni mbili na king'amuzi kimoja ikaona njia rahisi ni kukata waya. Anayetaka kugawa picha anunue kifaa cha kugawia chenye umeme wake, ambacho hutoa volti kamili kwa kila tawi.

Nilipoliondoa lile panda, picha iliinuka palepale, bibi akasogeza kigoda chake mbele. Lakini sura bado zilikuwa nzito, kwa kuwa mtu fulani alikwisha kupandisha Contrast mpaka mwisho na kushusha mwangaza ili "rangi ikolee". Tulingoja usiku, baada ya swala ya isha, saa ambayo bibi huangalia michezo yake, na taa ya sebuleni ikiwaka kama kawaida. Mpangilio unaofanywa mchana, dirisha likiwa wazi, haufai usiku, kwa sababu mwanga wa jua unaopiga kioo huficha weusi na kukudanganya uongeze mno.

Utaratibu niliomfundisha mjukuu wake ni huu, na unafaa kwa chogo na kwa flati, zile bapa, pia. Kwanza, zima kila kitu kinachoitwa kuokoa umeme au jicho la kupima mwanga wa chumba, na uchague picha ya kawaida badala ya ile kali inayotumiwa dukani. Shusha Contrast mpaka nguo nyeupe ianze kuonyesha mikunjo yake. Halafu tafuta filamu pana, ile inayoacha mikanda miwili myeusi juu na chini ya kioo, kwa kuwa mikanda hiyo ni weusi halisi unaotumwa pamoja na picha. Pandisha mwangaza mpaka mikanda igeuke kijivu, kisha ushushe hatua moja moja hadi irudi kuwa nyeusi, na usimame hapo hapo. Kila hatua utakayoendelea kushuka baada ya hapo inakula vivuli. Usiku ule kwa bahati mchezo ulikuwa na mama aliyevaa buibui, ameketi kwenye kona yenye giza. Mwanzoni tulikuwa tunaona kipande kimoja cheusi chenye uso juu yake. Kijana alipofika kwenye hatua ya nne ya kupandisha mwangaza tukaona mkunjo wa begani, ya tano tukaona mkono uliofichwa ndani ya nguo umeshika kitu, na bibi akasema, "Kumbe ana barua!" Mchezo huo ulikuwa wa marudio, alikwisha kuutazama mara mbili bila kuiona hiyo barua. Tangu hapo nawaambia wateja wangu kwamba kipimo cha kuaminika kwetu pwani ni buibui: ukiona mikunjo yake, na weusi wake ukabaki mweusi, umefika.

Kwa flati za zamani kuna mambo mawili zaidi. Flati nyingi zina taa zake nyuma ya kioo, na mara nyingi taa hizo zina mahali pake katika menyu, panapoitwa Backlight. Hapo ndipo penye mwanga wa kweli, na ndipo pa kuongeza ikiwa chumba kina nuru nyingi. La pili linawahusu wanaounganisha kompyuta au king'amuzi kwa waya wa HDMI. Picha ya televisheni kwa desturi huhesabu weusi kuwa namba 16 na weupe kuwa namba 235, wakati kompyuta huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Kompyuta ikituma kwa hesabu yake kwa televisheni inayongoja ile nyingine, kila kivuli kilicho chini ya 16 kinahesabiwa kuwa weusi mtupu na kupotea. Dawa ni kuingia katika mipangilio ya kimojawapo na kuvifanya vihesabu kwa namna moja. Kucheza na mwangaza hapo ni kufunika kidonda.

Nina neno kwa mafundi wenzangu. Ndani ya chogo, kwenye flaibeki, yaani kifaa kinachozalisha volti kubwa ya tyubu, kuna vifundo viwili, kimoja cha kunoa picha isiwe na ukungu na kingine kilichoandikwa SCREEN, na imekuwa desturi mbaya kwamba mteja akilalamikia giza, fundi anafungua mgongo na kukizungusha hicho cha pili, anapokea fedha na kuondoka. Picha inawaka kweli, lakini weusi unakuwa wa maziwa, mistari myembamba inakatiza kioo, na tyubu inachakaa upesi kwa kulazimishwa. Kifundo hicho kina mahali pake kilipopangwa kiwandani, na kikihitaji kuguswa kiguswe baada ya kupima volti za saketi ya picha na kukagua kapasita na rezista zilizochoka, ambazo mara nyingi ndizo chanzo. Na kwa wasiokuwa mafundi nawasihi wasifungue kabisa. Tyubu ya inchi 21 hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na inaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuzimwa na kuchomolewa.

Sisemi kwamba televisheni hazizeeki. Chogo inayowashwa ikakaa dakika kadhaa katika giza ndipo picha ianze kupanda polepole, tyubu yake imechoka, na mwenye nayo aambiwe hivyo. Flati yenye sauti na kioo cheusi ipimwe kwa tochi: zima taa za chumba, mulika kioo kwa ubavu kutoka karibu, na ukiona picha hafifu ikitembea ndani, basi taa za nyuma ndizo zilizokufa, na hizo hubadilishwa.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, kupitia gazeti lako, ni kwa vituo vya televisheni. Wenye umri wangu tunakumbuka mistari ya rangi iliyokuwa ikikaa kwenye kioo kabla ya matangazo kufunguliwa. Siku hizi vituo vinarusha usiku na mchana na mistari ile haionekani tena. Naomba virudishe dakika 5 tu kwa juma, usiku, vionyeshe vipande vya kijivu kutoka weusi hadi weupe, na sauti ya mtangazaji ikieleza kwa Kiswahili kwamba kipande cha pili kikiungana na cha kwanza, ongeza mwangaza hatua moja, na cha mwisho kikiungana na kilichokitangulia, punguza Contrast. Niko tayari kuyaandika maelezo hayo bila malipo kwa kituo chochote kitakachokubali.

Fundi wa redio na televisheni,
Ngamiani, Tanga