Ami yangu hajajiunga na chama chochote

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana jambo hili limenikaa rohoni tangu juma lililopita na nikinyamaza itaonekana nimekubali. Mimi ni mpiga picha hapa Lamu, napiga za harusi, za mashindano ya mashua, na nikipata nafasi napiga watu wetu wakiwa kazini. Mwaka juzi nilimpiga picha ami yangu kule Matondoni akishona tanga, amekaa mkekani, tanga limemfunika magoti, sindano iko juu na uzi ameubana kwa meno. Nilikaa naye tangu alfajiri mpaka nikapata mwanga niliokuwa nautaka. Nikaiweka Fesibuk na jina langu pale chini pembeni.

Sasa juma lililopita natoka Mokowe, nashuka gatini, naona bango kubwa, ami yangu na tanga lake, na ubavuni mheshimiwa mmoja anayetaka kiti anacheka, halafu juu ya tanga lenyewe, pale palipokuwa peupe, wamepaka rangi ya chama na maneno ya kuomba kura. Jina langu wamelikata. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna aliyekwenda Matondoni kumuuliza mzee.

Nilimtafuta kijana wa kampeni yake akanijibu kwa upole kabisa, eti kaka picha tumeitoa Fesibuk na kitu kikishafika Fesibuk ni cha wote. Najua wengi wanaamini hivyo, si wanasiasa peke yao, lakini sivyo. Kukiweka kitu watu wakione si kukigawa. Sisi hapa ng'onda, samaki wa kukausha, tunawaanika nje mchana kutwa na watu wanapita, hakuna anayebeba akasema nimemkuta juani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda aliyepiga picha hata kama hajaisajili popote, kusajili kwa KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni kujiwekea ushahidi tu, na Katiba yenyewe kifungu cha 40 inaitaka serikali ilinde mali ya ubunifu ya wananchi. Gazeti likiripoti mkutano wa siasa na ndani ya picha ikaonekana kazi ya mtu, hilo ni jambo jengine. Tangazo la kuomba kura si habari.

Na Mhariri, pesa kwangu ni jambo la pili wallahi. Ami yangu ana zaidi ya miaka sabini na hata watoto wake hawajui humpigia nani kura, ndivyo alivyo, akiingia kwenye kile kibanda akitoka amemaliza. Sasa barazani wanamuuliza we mzee tangu lini umekuwa wa chama kile, na nahodha mmoja wa upande mwengine aliyekuwa amemwachia tanga akaja kulichukua halijaisha, hakusema neno, amelikunja akaondoka nalo. Mzee aliniuliza jioni ile, mwanangu, mimi nimesema nini? Sikuwa na jibu. Wamemtolea ushahidi ambao yeye hakuutoa. Kuna pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ambayo inahusu hata sura ya mtu, kwa hiyo hapa wamekosea mara mbili, kwangu mimi na kwake yeye.

Wala si sisi wadogo tu. Mei 2022 wakati muungano wa Azimio unamtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga, wanamuziki wa kundi la Sauti Sol walilalamika hadharani kwamba wimbo wao umetumika bila idhini, wakasema wazi kwamba hawataki kuonekana wanaunga mkono upande wowote. Watu wengi siku zile waliwacheka, eti si mfurahi mmepigiwa debe. Mimi pia sikuwaelewa, nimewaelewa sasa. Leseni ya kupiga muziki mkutanoni ni kitu kimoja, na kuuchukua wimbo ukaubandika kwenye video ya kumtangaza mtu ni kitu kingine, hapo lazima umuulize mwenye wimbo.

Wenzetu wamepelekana mpaka mahakamani. New Zealand mwaka 2014 chama cha National kiliweka kwenye tangazo lao la runinga muziki uliofananishwa na wa Eminem, yule mwimbaji wa rap wa Marekani, wala haukuwa wake wenyewe, waliununua kwenye maktaba ya muziki wakidhani wako salama. Mwaka 2017 mahakama ikasema wamevunja hakimiliki na walipe dola 600,000 za kule, rufani ikapunguza mpaka 225,000 lakini kosa likabaki kosa. Hao angalau walinunua mahali. Wetu wanabofya tu na kukata jina.

Uchaguzi ni Agosti 2027 na mabango yameanza kupanda mapema, kwa hiyo haya yatazidi, mashairi ya watu, nyimbo za harusi, picha za watoto wetu madrasa. Mimi kwa huyo mheshimiwa nimeshapeleka barua, nataka bango lishuke na aende yeye mwenyewe Matondoni, kwa miguu yake, akawaambie wazee barazani kwamba yule mzee hakuulizwa. Malipo tutazungumza baadaye.

Na kwenu nyinyi wa magazeti na redio nina ombi, maana matangazo haya yanapita mikononi mwenu kabla hayajatufikia. Mtu akileta tangazo la siasa mwulizeni picha hii ni ya nani, wimbo huu ni wa nani, na barua ya ruhusa iko wapi. Asipokuwa nayo mrudishieni. Mpaka naandika hivi bango bado liko gatini na ami yangu amehamishia kazi yake ndani ya ukumbi, anashonea gizani, hataki watu wapite wakamwona.

Mpiga picha,
Langoni, Lamu