Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti: Msituambie Tena Turudi Jumanne

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu na mkaazi wa Kayole, Nairobi, na ninakuandikia hadharani kwa sababu njia nyingine zote nilizozijua nimekwisha kuzipitia.

Mwezi uliopita tulimsafirisha kijana wa jirani yangu akazikwe kwao mashambani. Alikuwa amejitoa uhai. Sitataja jina lake wala jinsi alivyofariki, kwa kuwa mama yake yu hai na ana haki ya kuomboleza bila kutazamwa na umma, na kwa kuwa ninachotaka ukisikie ni habari ya zile siku chache kabla ya kifo, ambapo kijana huyo aliomba msaada kwa kinywa chake mwenyewe.

Alinigongea mlango Alhamisi jioni, akaniambia kwamba hajapata usingizi kwa muda mrefu na kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi. Asubuhi yake nilimsindikiza hadi kituo kimoja cha afya cha umma huku Eastlands. Tulikaa kwenye benchi katikati ya akina mama waliobeba watoto wa chanjo, na zamu yetu ilipofika, muuguzi alitusikiliza kwa upole kisha akatuonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani kwa selotepu: Afya ya akili, Jumanne, saa tatu hadi saa saba. Alitueleza kwamba mtaalamu anayehudumu siku hiyo huzunguka vituo kadhaa, akatuandikia barua ya rufaa ya hospitali kubwa endapo hali ingezidi. Kijana aliikunja ile barua mara nne, akaitia katika mfuko wa shati, akasema, "Mwalimu, basi nitarudi Jumanne." Alifariki Jumapili.

Simlaumu muuguzi yule. Alikuwa peke yake na foleni ilifika nje ya lango, na alifanya alichoruhusiwa kufanya. Ninachokilalamikia ni utaratibu unaomtaka mtu aliyelemewa na maisha asubiri siku ya wiki, kana kwamba maumivu ya moyo yana ratiba. Mtu akiletwa akivuja damu Ijumaa haambiwi arudi Jumanne.

Kuhusu kilichomfikisha pale, nami nabahatisha kama wengine. Alikuwa amepoteza kazi ya bohari katika Eneo la Viwanda, alikuwa na madeni ya mikopo ya simu, na nadhani kamari ilikuwa imemwingia pia, maana vijana wengi wa mtaa wetu wamo humo. Wataalamu wanatuonya kwamba kifo cha namna hii hakina sababu moja, na ninawaamini. Lakini wataalamu hao hao wanasema kwamba ile hamu kali ya kujidhuru mara nyingi huja kwa kishindo kisha ikapungua, na kwamba mtu akipata wa kuwa naye na kumsikiliza katika saa hizo, wengi huvuka salama. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Mheshimiwa, kwa sababu yeye alikuja katika saa hizo hizo, akatafuta mtu, na mtu hakuwepo.

Niruhusu nikukumbushe yale ambayo serikali zetu zenyewe zimeandika. Mwaka 2020 jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Ukafuata mkakati wa kitaifa wa kuzuia watu kujitoa uhai, wa miaka ya 2021 hadi 2026, uliolenga kupunguza vifo hivi kwa asilimia 10. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na wananchi, kuzitengea fedha na kuunda mabaraza ya afya ya akili. Kisha tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili, kinakiuka Katiba. Wengi wetu tulilia kwa furaha siku ile. Nimeishi miaka mingi nikiona familia zikidanganya hospitalini kwamba mtoto wao alipata ajali, kwa hofu ya polisi, na kwa hivyo mtoto akatibiwa jeraha na kurudishwa nyumbani bila kuulizwa lolote juu ya moyo wake.

Hofu ya polisi imeondolewa, na hilo ni jema. Sasa tunawaambia vijana wasijifiche, wajitokeze, waseme. Wakishajitokeza, Mheshimiwa, wanamkuta nani?

Wanatuambia kuna Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1910 na imewasaidia watu wengi, lakini iko Barabara ya Thika, mbali na sisi, na bado jina lake hutumiwa mitaani kama tusi, kiasi kwamba kijana aliyevunjika moyo huona afadhali anyamaze kuliko kuonekana akielekea huko. Isitoshe, hiyo ni hospitali ya kitaifa. Zahanati na vituo vya afya, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, viko mikononi mwa kaunti, yaani mikononi mwako, na hapo ndipo mtu wa Kayole, Dandora au Mukuru hufika kwa miguu. Hata wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba yao mwaka 2023 hutupima shinikizo la damu na sukari mlangoni, lakini anayetutembelea sisi amekiri kwangu kwamba hajafundishwa namna ya kumuuliza mtu kama anafikiria kujidhuru.

Kwa kuwa hakuna mwingine, watu sasa wananijia mimi. Tangu mazishi yale, wazazi wanawaleta watoto wao kwangu usiku kwa sababu walisikia kwamba nilimsindikiza yule kijana. Nilifundisha hesabu na Kiswahili. Sijui unasihi, na kila anayeketi kwenye kiti changu naogopa kwamba nitasema neno ambalo si la kusema. Huwapa nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, ambayo haina malipo, na hukaa nao hadi wapigiwe au watulie. Nauli ya kuwapeleka hospitalini hutoka katika pensheni yangu. Presha yangu imepanda, na mama wa marehemu bado hunipigia simu kuniuliza kama mwanawe alisema kitu kingine chochote.

Nilikuwa nimeandika maombi mengi katika rasimu ya barua hii: dawa zisikosekane, walimu wafunzwe, nambari 1199 ibandikwe katika kila matatu na kila ngazi ya ploti. Yote nayahitaji bado. Lakini naomba kwanza moja. Weka katika kila kituo cha afya cha kaunti mhudumu mmoja aliyefunzwa kusikiliza na kumlinda mtu aliye hatarini, kila siku, jioni na wikendi zikiwemo. Mmoja tu, lakini kila siku.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili. Naomba unijibu kabla ya siku hiyo, kwa maandishi na hadharani kama nilivyokuandikia, kama mshahara wa mhudumu huyo umo katika makadirio hayo au haumo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu, Kayole