Wachokoaji pweza nao wahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani ya Tanga hukupwa sana na mwamba ukabaki nje. Kuanzia kama saa nne asubuhi utawaona wanawake wa Mwambani na Kigombe wameshuka na vijiti vyao kuchokoa pweza, wengine wanaokota chaza na tondo, wengine wanatanda uduvi kwa khanga. Maji yakianza kujaa, wanarudi. Hawana ngalawa wala nyavu za jarife, na sehemu kubwa ya walichopata huishia chunguni bila kupita mnadani. Nakuandikia kwa sababu watu hawa hawaonekani vya kutosha katika mipango ya bahari yetu, na njia ya kuwaona ipo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Wazazi wengi hudhani somo hili ni kukariri milima na miji mikuu. Jiografia ya binadamu huuliza mambo ya karibu zaidi: nani anatumia mahali hapa, saa ngapi, kwa ruhusa ya nani, na matumizi yakibadilishwa, nani anapata na nani anakosa. Katika njia zake zote naipenda zaidi ramani inayochorwa na wanakijiji wenyewe. Unawaomba wachore kijiji chao mchangani, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Nimewahi kuifanya na wanafunzi wangu. Wanaume walianza dikoni, vyombo vinapotia nanga, wakaruka moja kwa moja hadi miamba ya mbali na visiwa wanakokwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi. Wanawake walichora visima, vijia vya kwenye mikoko, kisha wakafika pale ambapo wanaume walipaacha patupu, kati ya ufukwe na maji marefu. Walipajaza pakajaa: mashimo ya pweza, michanga ya chaza, madimbwi ya uduvi, kila mahali na jina lake.

Mtafiti asiyeangalia mwezi hawezi kulijua hili. Akifika na karatasi za maswali saa nne asubuhi siku za bamvua, atakaowakuta barazani ni wanaume. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza na mchana hupumzika, na mbalamwezi ikiwaka wengi hawatoki kabisa. Wanawake wako mwambani. Ataandika, tena kwa nia njema, kwamba amezungumza na jamii.

Kwa mkoa wetu hili ni zito. Tangu 1994, ulipoanza mradi wa hifadhi ya pwani ya Tanga kwa ufadhili wa Ireland, vijiji vimekaa na serikali kupanga mwamba upi ufungwe na upi uvuliwe. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, baada ya samaki huyo wa kale kunaswa kwenye majarife ya wavuvi wetu. Na sasa Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Siipingi hata mojawapo ya kazi hizi. Lakini kila mara lazima ijulikane nani anaguswa. Shamba lina mipaka, mnazi unahesabika, ngalawa ina namba. Mwamba unaotoka majini kwa saa chache kisha ukafunikwa hauna hati ya mtu yeyote.

Chukua suala la kufunga miamba ya pweza, kama vijiji kadhaa vya Pemba vilivyofanya. Pweza hukua haraka mno, hivyo mwamba ukipumzishwa miezi michache unafunguliwa ukiwa na pweza wakubwa. Ni jambo zuri. Ila ukifunga mwamba wa karibu, mwanamume mwenye mtumbwi na miwani ya kuzamia anahamia wa mbali, na mama anayekwenda kwa miguu hana pa kwenda. Mtaalamu wa viumbe vya bahari atakuambia pweza anahitaji muda gani. Nani alipie muda huo ni swali jingine. Mwani nao ni vivyo hivyo. Maji ya kina kifupi yakipata joto kali, mwani wa cottonii hufa, na ushauri unaotolewa ni kupeleka kamba za kufungia mwani kwenye maji marefu. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na wengi wao hawajui kuogelea.

Mwaka 1987 Tume ya Brundtland, ile ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayotimiza mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutimiza ya kwao. Nakubaliana nayo, lakini nawaomba wanaoinukuu kwenye warsha waanze na hao wa leo, walioko mwambani wakati warsha inaendelea.

Kwa hiyo naziomba halmashauri zetu, vyuo na miradi wapange siku za kwenda vijijini kwa kufuata mwezi, wawasikilize wanawake peke yao, na ramani zitakazochorwa zirudishwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nakala ibaki ofisini. BMU, yaani vikundi vya wanakijiji vya kusimamia rasilimali za uvuvi, nazo ziwaandikishe wachokoaji kuwa wavuvi, kwa majina yao na miamba wanayoitumia, kabla mradi mwingine haujafika na fomu zake.

Mwalimu wa jiografia,
Sahare, Tanga