Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Faili la Senema ya Majestic, Vuga

Ndugu wanachama, Assalam alaykum.

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye faili la Majestic, yaani kumbukumbu tunazokusanya kuhusu senema hiyo. Nianze na tarehe, maana zimekuwa zikichanganywa hata vikaoni mwetu. Pale Vuga, Zanzibar, kwanza palikuwa na senema ya Royal, iliyojengwa na mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ramani ya J. H. Sinclair, aliyechora pia Beit el Amani, lile jengo la makumbusho. Royal iliungua 1953. Majestic tunayoijua, kazi ya Dayaji Pitamber Mistry, ni ya 1955. Hayo ni majengo mawili, kiwanja kimoja. Tafadhali picha ya Royal isiandikwe tena Majestic.

Sehemu yenye uhondo zaidi ni ya chumba cha projekta. Mkanda wa milimita 35 hupitisha picha 24 kwa sekunde, sawa na futi 90 kwa dakika. Gurudumu la mkanda la futi 2,000 huisha kwa dakika 22 hivi, kwa hiyo filamu ya Kihindi ya saa tatu haipungui magurudumu tisa. Ndiyo sababu projekta zilikuwa mbili. Doa dogo likitokea juu kulia mwa picha, fundi anawasha mota ya projekta ya pili; doa la pili likija, sekunde saba hivi baadaye, anabadilisha. Akikosa doa hilo, ukumbi mzima unabaki unatazama pazia jeupe. Taa yenyewe ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vinavyofupika kadiri vinavyowaka. Nafasi kati yao ikiachwa ipanuke, mwanga hufifia, kisha hukatika.

Nakala moja ya filamu ikigawanwa na senema mbili, kijana wa baiskeli ndiye aliyepeleka magurudumu. Lakini mkanda ukitoka kwenye projekta, mwisho wake ndio uko nje. Bila kuurudisha nyuma kwanza, hauonyesheki. Ukipanga ratiba ya zamani, hesabu na dakika za kuurudisha nyuma.

Kwa wenye mikanda majumbani: harufu ya siki ni dalili kwamba asetati, yaani plastiki ya mkanda wenyewe, inaoza kwa joto na unyevu, na mvuke wake huambukiza mikanda ya jirani. Itenge, itoe kwenye kopo lenye kutu, weka mahali pakavu penye ubaridi, wala usiifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Usiipitishe kwenye projekta. Mkanda uliosinyaa hukatika matundu. Mkanda wa kabla ya miaka ya 1950 huenda ni naitreti, aina ya zamani inayoshika moto upesi. Huo ukishika moto hauzimiki hata ukifunikwa, kwani hujitolea oksijeni wenyewe. Usiujaribu kwa kiberiti hata kidogo! Tazama pembeni mwa mkanda kama pamechapwa NITRATE, kisha utujulishe kabla ya kuusafirisha.

Pengo letu kubwa ni karatasi: tiketi, matangazo ya ukutani, na chochote kinachohusu maonyesho ya wanawake peke yao. Msizipige laminesheni, yaani kuzifunika kwa plastiki, haitoki tena. Andikeni nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino: imetoka kwa nani, mwaka gani, senema ipi. Tutazipiga picha pamoja na rula ili ukubwa ujulikane, na karatasi zenyewe mtarudi nazo nyumbani siku hiyo hiyo mtakayozileta.