Nianzie kazi Dodoma au Dar es Salaam, nami sina gari?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Nkuhungu, Dodoma. Mimi ni binti wa miaka 25, mzaliwa wa Manyoni, na shahada yangu ya uhasibu nimeisomea hapa hapa Dodoma. Baada ya kuzunguka na bahasha kwa karibu miaka miwili, nimeitwa kazini na waajiri wawili ndani ya wiki moja: mmoja ofisi yake iko Mtumba, na mwingine yuko Dar es Salaam, karibu na Kivukoni. Mishahara yao inapishana kidogo sana, hivyo si fedha inayoninyima usingizi. Linalonisumbua ni kwamba sina gari, wala sitarajii kuwa nalo kwa miaka minne au mitano ijayo, na naona jambo hilo ndilo litakaloamua nitaishije popote nitakapokwenda.

Dodoma naifahamu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, jiji limetanuka kila upande, na Mtumba kwenyewe, palipojengwa Mji wa Serikali, ni takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Morogoro. Mwenye gari hufurahia barabara pana zisizo na foleni kubwa. Kwa asiye nalo, upana huo huo ndio unaomchosha. Kutoka Nkuhungu napanda daladala hadi mjini, naunganisha nyingine, kisha nabakiwa na kipande cha bodaboda kutoka barabara kuu hadi ofisini.

Nilifanya mafunzo kwa vitendo upande wa Ihumwa kwa miezi miwili, na ninachokikumbuka zaidi ni jioni za kufunga hesabu za mwezi. Nilikuwa natoka saa moja na nusu usiku, nasimama kando ya barabara kwenye upepo na vumbi huku malori yakipita, na daladala ikitokea imejaa hadi mlangoni, mwisho naita bodaboda. Usiku mmoja pikipiki iliteleza kwenye mchanga tulipokuwa tunakata kona. Sikuvunjika, namshukuru Mungu, lakini ekzosi iliniunguza shavu la mguu wa kulia, na kovu lake mama yangu huligusa kila ninapokwenda kumsalimia.

Dar es Salaam sijawahi kuishi, ila nilikaa wiki tatu kwa dada yangu Kimara. Kwa mabasi ya mwendokasi, ambayo yamekuwa yakitoka Kimara hadi Kivukoni tangu mwaka 2016, ningefika karibu kabisa na ofisi bila kuunganisha gari, na usiku nisingesimama peke yangu kituoni. Hilo kwa msichana ni jambo kubwa. Hata hivyo, nilimwona dada akiamka saa kumi na nusu alfajiri ili awahi, na jioni akilazimika kupanda gari linalokwenda mwisho wa safari ili ageuze nalo apate pa kukaa. Mvua kubwa zikinyesha, bonde la Jangwani hufurika na mabasi husimama. Isitoshe, kodi ya chumba hudaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, na fedha hiyo sina.

Mjomba wangu, ambaye namheshimu sana kwa kuwa ndiye aliyenilipia ada ya sekondari, anasema nichukue kazi ya Mtumba kisha nikope benki ninunue gari dogo. Nimemweleza kwamba Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu itakata asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi kila mwezi, na nina wadogo wawili shuleni. Nikiongeza rejesho la benki, mafuta, bima na gereji, nitakuwa nalifanyia kazi gari. Hajaridhika, na sipendi tuonekane tunashindana.

Moyo wangu unaelekea Dodoma, kwa sharti kwamba nihamie Ihumwa au Mtumba kwenyewe, nitembee kwa miguu hadi kazini, na mwisho wa juma nipande basi kwenda Manyoni kwa mama. Kinachonirudisha nyuma ni masomo ya CPA, yaani ya kuthibitishwa kuwa mhasibu kitaaluma, ninayotaka kuyaanza: madarasa ya jioni niliyoyapata yako mjini na yanamalizika saa mbili usiku, kwa hiyo nitakuwa nimeikwepa safari ya asubuhi nikaifuata ile ile ya usiku niliyokuwa naikimbia.

Naomba unishauri, na wasomaji wanaoishi Ihumwa na Mtumba wanisaidie pia: je, saa mbili usiku daladala za kutoka mjini bado zinapatikana kwa uhakika siku zote, hata wakati ambao Bunge halikutani? Na je, ni busara kuahirisha CPA kwa mwaka mmoja ili nianze kwa utulivu, au ni heri nivumilie msongamano wa Dar es Salaam niyapate yote mawili? Waajiri wote wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Binti wa Manyoni, Dodoma